Uyoga: ufunguo uko kwenye mbegu

Wakulima wa mpunga Kilombero wakishavuna, mabua mengi huishia kuchomwa moto. Mabua hayohayo yakikatwakatwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchemshwa kwenye pipa, ni shamba tosha la uyoga aina ya mamama. Mfuko wa nailoni uliojazwa mabua hayo na kupandwa mbegu hukaa gizani wiki 3 hivi hadi utando mweupe uenee. Ukipata mwanga kidogo, hewa na unyevu, uyoga huchomoza baada ya siku chache, na mfuko mmoja huvunwa hata mara 3. Asiye na ekari hata moja anaweza kulima chumbani.

Kinachomkwamisha ni mbegu. Hii si punje ya kutunza ghalani. Ni utando hai uliooteshwa juu ya nafaka iliyochemshwa, katika chumba safi kabisa. Ukungu wa kijani ukiingia, mfuko mzima unatupwa. Kenya, chuo kikuu cha JKUAT kilichoko Juja huuza mbegu, lakini kwa aliye mbali, nauli na joto la safari humlia faida kabla hajapanda.

Rwanda imeonyesha njia nyingine. Huko vituo huuza mifuko iliyokwisha kupandwa, iitwayo imigina. Familia hubaki na kazi ya kumwagilia na kuvuna. Kazi inayohitaji utaalamu na usafi hufanyika mahali pamoja, mavuno yakatawanyika majumbani.

Soko nalo linataka umoja. Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, na bila friji huanza kunyauka upesi. Mwenye kilo 2 leo na patupu kesho hawezi kufunga mkataba na hoteli. Kaya 10 zinazopanda kwa zamu zinaweza. Masika, uyoga wa porini unapouzwa kandokando ya barabara, kikundi chenye kaushio la jua hukausha wake na kusubiri: kilo 10 mbichi hutoa kilo 1 hivi kavu, inayokaa miezi.

Basi kikoba kinachotaka kuingia kwenye biashara hii kisikimbilie kujenga mabanda. Fedha ya kwanza iende kwenye chumba kimoja safi cha kupandia na kaushio moja. Mabanda wanachama wanayo tayari: ni vyumba vyao vya uani.