Amana ya Nyumba Si Kilemba

Kila mwaka wa masomo unapokwisha, wanafunzi wangu huhama vyumba walivyopanga nje ya chuo, na malalamiko huwa ni yale yale: mwenye nyumba amekataa kurejesha amana. Mmoja wao aliacha chumba safi, kodi imelipwa, wala hakudaiwa maji wala stima. Alipodai shilingi 6,000 zake, alijibiwa, "Kijana, pesa hizo huliwa na rangi."

Mimi mwanaisimu naona hapa maneno yaliyovurugwa. Kilemba ni fedha anazotoa mpangaji ili akubaliwe kuingia nyumbani, hizo harudishiwi. Arubuni ni malipo ya awali ya kuthibitisha nia ya kununua, nayo huhesabiwa katika bei. Amana ni mali iliyowekwa kwa mwingine aitunze, na ingali mali ya aliyeiweka. Risiti zetu, hata hivyo, huandikwa "dipoziti", neno lisilobainisha ni ipi kati ya hizo tatu. Basi mwenye nyumba hupokea amana, akaila kama kilemba.

Sisemi kwamba hana haki yoyote. Kioo kilichovunjwa, kitasa kilichong'olewa, bili isiyolipwa: hayo na akate, mradi aonyeshe gharama. Lakini rangi iliyofifia kwa kukaliwa miaka miwili ni uchakavu wa kawaida, na kodi ya kila mwezi ndiyo fidia yake.

Wapangaji nao wamebuni dawa yao, yaani kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho. Naielewa hila hiyo, ila siipendi; aghalabu huishia kwa kufuli mlangoni na vyombo kuzuiliwa. Afadhali maandishi. Siku ya kuingia, kasoro zote ziorodheshwe na pande zote mbili zitie sahihi. Notisi ya kuhama itolewe kwa barua, na funguo zikabidhiwe kwa stakabadhi.

Fauka ya hayo, pana Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka kesi imalizwe kwa siku 60. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Miongoni mwa madai inayoyapokea ni ya fedha za mtu zilizo mikononi mwa mwingine, jambo ambalo wahenga wetu waliliita amana kabla ya mahakama hiyo kuwako. Barua ya madai itangulie, nakala yake ihifadhiwe.