Jumbe mbili za asubuhi: uhuru wa kutoa maoni na wajibu wake

Msikilizaji, hivi karibuni kwenye kipindi chetu cha asubuhi tulipokea jumbe mbili kwa simu. Wa kwanza uliuliza: kila mwezi tunachangia fedha za pampu ya maji, mbona pampu haitengenezwi na hatusomewi mapato na matumizi? Wa pili ulitaja jina la bibi mmoja na kitongoji anachoishi, ukisema ndiye anayeroga ng'ombe wa watu.

Ule wa kwanza tuliusoma hewani, kisha tukampigia mwenyekiti wa kamati ya maji ajibu. Wa pili hatukuusoma. Aliyeutuma alipiga simu akiwa na hasira: "Mnaninyima uhuru wangu wa kusema." Ni hoja inayohitaji jibu, nasi tunaijibu hapa.

Haki yako ni ipi?

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Inampa pia haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Haikusema kila msomi au kila mwenye cheo. Imesema kila mtu: mkulima, mfugaji, mama lishe, kijana wa bodaboda.

Kwa sisi wa vijijini, mahali pa kwanza pa kuitumia haki hiyo ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kuuliza pale fedha zimekwenda wapi si uchochezi, wala si kumvunjia kiongozi heshima. Kiongozi anayejibu swali kwa vitisho ndiye mwenye kosa, si aliyeuliza.

Mpaka uko wapi?

Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 30, inakataza mtu kutumia haki zake kwa namna inayoingilia haki na uhuru wa wengine. Bibi aliyetajwa naye ana haki ya kuishi na kuheshimiwa.

Tunajua yanayoweza kumpata. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Mara nyingi wekundu huo ni wa moshi, baada ya miaka mingi ya kupikia kuni.

Hapo ndipo jumbe hizi mbili zinapoachana. Swali la pampu, hata likiwa na kosa, mwenyekiti ataleta daftari na mambo yatanyooka. Tuhuma dhidi ya bibi ikiwa na kosa, hakuna atakayemrudisha akishauawa.

Redio inapogeuka silaha

Sisi watangazaji tuna somo letu kutoka kwa jirani. Redio RTLM ya Rwanda ilianza matangazo mwaka 1993. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, nao wakafuatwa na kuuawa. Desemba 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini kila mmoja alibaki na kifungo cha miaka 30 au zaidi.

Mfano huu usitumiwe kumziba mdomo anayeikosoa serikali. Watu wale hawakufungwa kwa kuuliza maswali.

Simu yako nayo ni redio

Ukituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, kabla jua halijazama umefika vijiji vitatu. "Nami nimetumiwa tu" si kinga. Kusambaza ni kusema, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu anayesambaza habari anazojua ni za uongo ili kupotosha au kumchafua mtu.

Kabla ya kutuma, jiulize:

- Nimeona mwenyewe, au nimesikia tu?
- Nahoji kazi ya mtu, au namshambulia yeye?
- Anayetajwa ana nafasi ya kujibu?
- Nikiwa nimekosea, naweza kurekebisha?

Na ukigundua umekosea, rudi kwenye kundi lile lile useme hivyo.

Mwenyekiti wa kamati ya maji ameahidi kuleta daftari kwenye mkutano ujao. Wanakijiji, nendeni mkalisome. Nawe ndugu yetu wa ujumbe wa pili, kufiwa na ng'ombe ni hasara kubwa, tunakupa pole. Muite bwana mifugo, kisha tuandikie dalili ulizoziona kwa wanyama wako. Ujumbe huo tutausoma hewani.