Moshi wa Kinyerezi bado una umeme ndani yake

Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, kuna vituo viwili vya kufua umeme vilivyopakana, na vyote vinatumia gesi asilia ile ile ya kusini. Kinyerezi I kilianza na megawati 150, kisha kikaongezewa nyingine 185. Kinyerezi II, kilichozinduliwa mwaka 2018, kina megawati 240. Ukihesabu megawati, kikubwa ni cha kwanza. Ukihesabu gesi inayoteketea kwa kila uniti ya umeme, mambo yanageuka, na jibu liko kwenye bomba la moshi.

Kinyerezi I kinachoma gesi, hewa ya moto inazungusha turbini, turbini inazungusha jenereta, kisha hewa hiyo inatolewa nje ikiwa bado na mamia ya nyuzi joto. Kinyerezi II nacho kina turbini sita za gesi zinazofanya kazi hiyo hiyo, ila moshi wake hauruhusiwi kuondoka bure. Unapitishwa kwanza kwenye maboila, unachemsha maji, na mvuke unaotoka humo unazungusha turbini nyingine mbili. Hizo mbili hazijaunganishwa na bomba la gesi. Chakula chao ni makombo ya zile sita.

Wahandisi wanauita mfumo wa kwanza mzunguko mmoja, na wa pili mzunguko pacha. Turbini ya ukubwa wa zile za Kinyerezi II, ikiachwa peke yake, hugeuza takriban theluthi moja ya nishati ya gesi kuwa umeme. Ukiongeza boila na turbini ya mvuke, unafikia karibu nusu. Gesi ni ile ile, bili ya gesi ni ile ile.

Ubadhirifu huu wa turbini ya gesi ni wa kuzaliwa nao. Turbini ya kwanza ya gesi ya kufua umeme kwa matumizi ya umma ilifungwa mwaka 1939 huko Neuchâtel, Uswisi, na kampuni ya Brown Boveri. Ilizalisha nguvu ya kilowati zipatazo 15,400, lakini kompresa yake, ile inayovuta hewa na kuikandamiza kabla haijakutana na moto, ilijichukulia kama 11,400. Kilichobaki kwa mji kilikuwa kilowati 4,000. Ufanisi wake ulikuwa kama asilimia 17, na bado watu waliushangilia, maana wengi waliamini mashine hiyo isingeweza hata kujiendesha yenyewe.

Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakipandisha joto ili kupandisha ufanisi. Neuchâtel ilifanya kazi kwenye nyuzi joto 550 hivi. Turbini kubwa za leo zinapokea hewa ya nyuzi 1,600, joto linaloweza kuyeyusha metali ya mapanga yake, na mapanga hayayeyuki kwa sababu yametobolewa matundu madogo yanayopitisha hewa ya kupoza, kisha yakapakwa tabaka la kauri. Kituo cha Bouchain, Ufaransa, kiliingia kwenye kitabu cha rekodi mwaka 2016 kwa ufanisi wa asilimia 62.22, na vingine vimeshakipita. Hiyo ni kazi ya viwanda vya Japani, Ujerumani na Marekani, na sisi tunanunua walichotengeneza. Lakini kukamata moshi hakusubiri uvumbuzi mpya.

Waghana walilifanya hilo Takoradi. Kituo cha TICO kilikuwa kikitoa megawati 220 kwa mzunguko mmoja. Upanuzi uliokamilika mwaka 2015 ukaongeza maboila na turbini ya mvuke, na kituo kikafika megawati 330. Megawati 110 zimepatikana pasipo kuongeza mafuta wala gesi. Nchi inayolalamikia bei ya umeme ingepaswa kuusoma mfano huo mara mbili.

Hata hivyo, sisemi kila bomba la moshi lifungiwe boila kesho asubuhi. Turbini za Kinyerezi I ni za jamii ya LM6000 ya kampuni ya GE, zilizotokana na injini ya ndege ya CF6, ile inayorusha Boeing 747 na 767. Zenyewe peke yake zinakaribia ufanisi wa asilimia 40, na moshi wake umepoa kuliko wa turbini nzito, kwa hiyo mvuke utakaoupata ni mchache. Tena zinawaka ndani ya dakika chache, ilhali boila kubwa lazima lipashwe moto taratibu, la sivyo vyuma vyake vinapasuka.

Sifa hiyo ya kuwaka haraka imepanda thamani tangu Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 liingie kwenye gridi ya taifa. Maji yakiwa mengi, vituo vya gesi vinapumzika au vinasaidia jioni watu wanaporudi nyumbani. Ukame ukija, vinabeba mzigo mchana na usiku. Mtambo wa kuwashwa saa chache kwa siku haulipi gharama ya boila la mabilioni. Mtambo wa kukesha miezi kadhaa ya kiangazi unailipa, na kuendesha wa namna hiyo kwa mzunguko mmoja ni kuichoma hazina ya taifa kwa makusudi. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufua umeme kwenye kituo cha Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2004. Mvua ikinyesha bwawa linajaa tena. Kisima cha gesi hakijui masika.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hulipitia haraka. Megawati zinazoandikwa kwenye kibao cha turbini hupimwa kwenye nyuzi joto 15, usawa wa bahari. Usawa wa bahari tunao. Nyuzi 15 Dar es Salaam hatuzijui. Hewa ya joto ni nyepesi, turbini inameza hewa kidogo, na kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza nguvu yake kwa nusu asilimia au zaidi, kutegemea aina ya mashine. Mchana wa nyuzi 32, sehemu ya kumi ya mtambo inaweza kuwa imetoweka, tena saa zile ambazo kila ofisi imewasha viyoyozi. Dawa ipo: kuipoza hewa kabla haijaingia. Penye ukavu hunyunyizwa maji, lakini hewa ya pwani imeshajaa unyevu, hivyo kupoza kwa mashine za baridi hufaa zaidi, ingawa nazo zinakula sehemu ya umeme.

Na kuna dawa ya bei ndogo kuliko zote, ambayo haina utepe wa kukata. Vumbi na chumvi ya bahari hugandia kwenye mapanga ya kompresa na kumomonyoa ufanisi kidogo kidogo, bila kengele kulia. Kubadilisha vichujio kwa wakati na kuiosha kompresa kwa ratiba hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Vivyo hivyo kupanga mzigo: turbini mbili zikienda nguvu kamili hula gesi kidogo kuliko nne zinazokwenda nusunusu.

Kwa hiyo katika mkataba wowote ujao wa umeme wa gesi, hesabu ya kwanza iwe kiasi cha gesi kwa kila uniti ya umeme, kikipimwa kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi Februari. Mzabuni anayeogopa kuiandika hesabu hiyo na kuitia saini, zabuni apewe mwingine.