Mkopo wa nyumba: Riba kwanza, bahati baadaye

Mkazi wa Ivuna, wilayani Momba, anayetaka kukopa fedha za kujenga hana budi kulinganisha riba, ada na muda wa marejesho kabla ya kuvutiwa na ahadi za faida kwa wanachama.

Uingereza, mwaka 1997, wanachama wa Halifax, chama cha mikopo ya nyumba, waligawiwa hisa za bure kilipogeuzwa benki. Northern Rock iligawa pia mwaka huo, lakini ilitaifishwa mwaka 2008 na wenye hisa hawakulipwa fidia. Nchini, Benki ya Nyumba (THB) ilifungwa mwaka 1995.

Kwa mkopo wa Sh. milioni 10, tofauti ya riba ya asilimia 2 ni takriban Sh. 200,000 mwaka wa kwanza. Hizo ni za hakika. Hisa za bure ni bahati nasibu.