Treni ya sumaku: kweli au uongo?

Steji ya Kombewa, wanakopishana abiria wa Bondo na wa Kisumu, video za treni za kasi hupita simu hadi simu pamoja na maelezo yasiyopimwa. Tuyapime.

"Treni ya umeme ya Tanzania inasukumwa na sumaku."

Uongo. Treni za Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024, hupokea umeme wa volti 25,000 kutoka waya wa juu na kuendesha magurudumu kwa mota za kuzunguka. Kasi yake ya juu ni kilomita 160 kwa saa. Treni za reli ya kisasa ya Kenya, SGR, hukokotwa kwa dizeli.

"Mota ya mstari, inayosukuma treni za sumaku, ni kifaa cha ajabu."

Uongo. Chukua mota ya mashine ya kusaga unga pale sokoni, ipasue upande mmoja, uikunjue ilale bapa. Wimbi la sumaku lililokuwa likizunguka sasa litakimbia mbele, na bamba la alumini lililo karibu litalifuata. Mhandisi Eric Laithwaite wa Uingereza aliipigania mota hii kwa miaka mingi.

"Lazima treni ya mota ya mstari ielee."

Uongo. Njia ya kwanza ya treni za SkyTrain za Vancouver, Kanada, inatumia mota za mstari tangu 1985, na treni zake zinakwenda kwa magurudumu ya chuma. Kwa kuwa gurudumu halitegemewi kusukuma, treni hupanda mwinuko mkali bila kuteleza.

"Mota ya mstari haina msuguano, kwa hiyo haipotezi umeme."

Uongo, na hapa ndipo kazi ngumu ya mbunifu ilipo. Katika mota ya kuzunguka, nafasi kati ya sehemu inayotulia na inayozunguka ni kama milimita moja, au pungufu. Mota ya mstari huhitaji karibu sentimita nzima, kwa sababu behewa hutikisika na njia haikosi mabonde madogo. Kadiri nafasi inavyopanuka ndivyo mkondo mwingi unavyohitajika kuivusha sumaku, na mkondo huo hupasha koili moto bure. Bamba nalo lina mtego wake: likiwa jembamba mno linachemka, likiwa nene linaongeza nafasi, maana mbele ya sumaku alumini ni sawa na hewa.

Kuna pia suala la miisho. Mota ya mviringo haina mwanzo wala mwisho, lakini hii ina vyote viwili. Bamba linapoingia chini ya koili huzusha mikondo inayopinga, na linapotoka huondoka na nguvu inayoishia kuwa joto. Kasi ikipanda, hasara hii huongezeka. Ndiyo maana wabunifu hurefusha mota na kuongeza idadi ya ncha zake za sumaku. Hewa nayo haisamehi: ukizidisha kasi mara mbili, nguvu ya umeme ya kuipasua hupanda mara nane, uwe unaelea au la.

"Njia yenyewe inaweza kuwa mota."

Kweli. Shanghai, koili zimelazwa njia nzima ya kilomita 30, umbali usiopishana sana na wa Kombewa hadi Kisumu mjini. Umeme hupelekwa kwenye kipande chenye treni tu, na sumaku za treni hukimbia sambamba na wimbi. Treni hiyo imewahi kubeba abiria kwa kilomita 431 kwa saa. Lakini kila mita ya njia imelipiwa koili, hata saa ambazo hakuna treni.

"Basi Kisumu iruke moja kwa moja hadi kwenye sumaku."

Hapana. Njia ya sumaku haipokei behewa la kontena wala la mafuta, na Kisumu, iliyofikiwa na reli mwaka 1901, inahitaji mizigo kuliko inavyohitaji kasi. Mota za kuzunguka zinatosha, na kwenye mteremko zinaweza kugeuka jenereta. Reli ya zamani inapita kilele cha Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, kisha inashuka hadi ziwani, takriban mita 1,130. Treni ya umeme ingekuwa inarudisha umeme kwenye waya sehemu kubwa ya mteremko huo.