Ile Mistari Miwili Chini ya Jina la Duka Lako Kwenye Google

Ukitafuta kitu kwenye Google, kila jibu linakuja na kichwa, kisha chini yake mistari miwili hivi ya maandishi madogo. Ni hapo mteja anaamua kama atabonyeza duka lako au atashuka kwa jirani. Mara nyingi mistari hiyo hutoka kwenye kitu kinachoitwa maelezo ya meta. Kama biashara yako ina tovuti, unaweza kuyaandika wewe mwenyewe. Ikiwa unatumia WordPress na programu-jalizi kama Yoast, utaona kisanduku chake chini ya kila ukurasa. Kama tovuti yako ilitengenezwa na fundi, mwambie tu akuonyeshe pa kuyaweka.

Tuanze na stori moja inayokula pesa za watu. Kuna mafundi wanaouza huduma ya kuandika maelezo haya, ati yatakupandisha hadi juu kabisa ya Google. Google yenyewe ilisema wazi Septemba 2009 kwamba haitumii maelezo ya meta kupanga nani awe wa kwanza. Kazi yake ni nyingine: kumshawishi mtu ambaye tayari amekuona. Kwa hivyo usilipe mtu akujazie hapo maneno kama “viatu viatu bora viatu Nairobi viatu bei nafuu”. Mteja akiyasoma anakimbia.

Sasa tuchukue duka la sare za shule Nakuru. Ni Januari, mzazi ana orodha mkononi, simu ina bundles za kuhesabu, na anaandika “sare za shule Nakuru bei”. Anakutana na hili:

“Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa bidhaa bora na huduma za kipekee kwa wateja wetu wapendwa.”

Hapo ameambiwa nini? Hata huwezi kujua kama wanauza sweta au saruji. Linganisha na hili:

“Sare za shule Nakuru mjini: sweta kuanzia Sh850, shati Sh450, hadi saizi ya kidato cha nne. Lipa kwa simu, tunatuma kwa matatu siku hiyo hiyo.”

Hizo ni herufi 142 ukihesabu na nafasi. Google haijaweka kikomo cha urefu, lakini hukata maandishi kulingana na upana wa skrini. Kwenye kompyuta huwa ni karibu herufi 155 hadi 160, na kwenye simu mara nyingi hupungua. Ndiyo maana bidhaa, mji na bei vimekaa mwanzoni. Hata mkia ukikatwa, mzazi amepata alichotaka. Pia maneno aliyoyatafuta huweza kutokea kwa wino mzito, na jicho linaenda hapo moja kwa moja.

Bei ni tamu, lakini ina kesi zake. Ukipandisha sweta leo, Google inaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kusoma upya ukurasa wako, na mteja atakuja akishikilia Sh850 yake. Kama bei zako hubadilika kila wiki, ziache nje na utaje kitu kinachokaa, kama saizi, mtaa ulipo au siku za kutuma mzigo.

Kwa sababu hiyo hiyo, tunakushauri usiandike kamwe nambari ya till ndani ya maelezo haya. Siku utakapoibadilisha, ile ya zamani inaweza kubaki ikionekana kwenye Google, na kuna mteja atailipa bila hata kufungua tovuti. Andika jina la biashara badala yake, na liwe lile lile linalotokea kwenye simu ya mteja anapolipa. Ukijiita “Zawadi Uniforms” mtandaoni na malipo yanaonyesha jina tofauti kabisa, mteja makini atasita. Na ana haki, maana ndivyo tunavyomfundisha kila siku: angalia jina kabla ya kukamilisha malipo.

Kila ukurasa uwe na maelezo yake. Ukurasa wa viatu usibebe maneno ya ukurasa wa sweta. Kama una bidhaa mia mbili na huna muda, anza na ukurasa wa kwanza na zile tano zinazouza sana. Na usishangae ukiona Google imeweka maneno mengine kabisa. Hufanya hivyo mara nyingi, ikichukua sentensi kutoka ndani ya ukurasa inayojibu swali la mteja vizuri zaidi. Kwa hivyo maandishi ya ukurasa wenyewe nayo yawe na majibu.

Tuseme umemaliza. Tafuta kwenye Google neno site: likifuatwa na anwani ya tovuti yako, bila nafasi katikati. Utaona kurasa zako jinsi wateja wanavyoziona. Ukikuta maelezo yanayozungumzia dawa, kamari au lugha usiyoijua, huenda kuna mtu ameingilia tovuti yako. Piga simu kwa fundi siku hiyo hiyo, badilisha nywila, na uhakikishe nambari za malipo zilizoandikwa kwenye tovuti bado ni zako.