Mguu Hukariri Ngazi

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, msafiri wa Geita hasubiri tena kivuko. Akitoka Mwanza anafika njia panda ya Usagara, anaiacha barabara ya Shinyanga na kushika ya Sengerema. Penye wasafiri hujengwa fremu za maduka, na mwenye kiwanja akipandisha ghorofa, mara nyingi ngazi huitoa nje ili asipoteze nafasi ya kupangisha chini. Uamuzi huo si mbaya. Ubaya huanza ngazi hiyo inapoachwa mwisho, fundi aambiwe atajua mwenyewe.

Anayepanda ngazi haangalii miguu yake. Vipandio viwili vitatu vya kwanza huufundisha mguu kimo, na kuanzia hapo mguu huenda kwa mazoea. Kimoja kikizidi au kupungua, mtu hujikwaa. Ndiyo maana Kanuni ya Kimataifa ya Majengo, inayotumika sana Marekani, inaruhusu tofauti isiyozidi milimita 9.5 kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote katika mkondo mmoja wa ngazi. Kimo cha juu kabisa ni milimita 178, na sehemu ya kukanyagia isipungue milimita 279.

Tofauti hii huzaliwa hivi. Ngazi humwagwa zege, kisha uwanja ukapangwa matofali ya sakafu yanayoinua ardhi milimita 60. Kipandio cha kwanza kilichokuwa na milimita 165 sasa kina 105. Huko juu, korido ikawekwa marumaru bila ngazi kuwekewa, na kipandio cha mwisho kikaongezeka. Dawa ni kupima kutoka uso wa uwanja uliokamilika hadi uso wa sakafu iliyokamilika. Ikiwa ni mita 3.3, gawanya kwa 20: kila kipandio ni milimita 165. Weka kituo cha kupumzikia katikati, kumi chini, kumi juu. Sehemu ya kukanyagia ikiwa milimita 300, hatua ya mtu mzima inakaa sawa.

Ngazi ya nje ina mtihani mwingine, mvua. Kila kipandio kiinamishwe kidogo kuelekea mbele, milimita 6 kwa 300, maji yasituame. Marumaru za kung'aa zinapendeza sebuleni. Zikilowa kwenye ngazi ni utelezi mtupu. Zege lililokwaruzwa kwa ufagio mgumu kabla halijakauka ni rahisi na linashika mguu. Ngazi ya chuma ipakwe rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa.

Vipimo vya vyuma vya pembeni vimetoka katika mwili wa binadamu. Mshikio huwa kati ya milimita 864 na 965 juu ya kipandio, mkono unapofika bila kuinama. Kizuizi cha korido kifike milimita 1,067, juu ya kiuno, na nafasi kati ya vyuma vya wima isipitishe tufe la milimita 102, kwa sababu kichwa cha mtoto hupita palipo pana zaidi.

Tena ngazi hii ndiyo njia ya kukimbilia moto. Kwa ghorofa ya watu 50 au zaidi, kanuni ile ya kimataifa inataka upana wa milimita 1,118. Upana huo haufai kitu grili ikifungwa kwa kufuli watu wangali ndani, au magunia yakirundikwa chini ya ngazi. Hapa kwetu michoro hupelekwa halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi, na kinga ya moto iko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa sheria ya 2007. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 nayo inadai majengo ya umma yafikike, kwa hiyo duka la chini liwe na mteremko wa kiti cha magurudumu.

Kabla hujamalizana na fundi, chukua futi kamba upime kila kipandio, hasa cha kwanza na cha mwisho. Tofauti ikizidi milimita 9.5, kirekebishwe. Na kama ni wewe uliyeinua uwanja baada ya zege kukauka, gharama hiyo ni yako. Ilipe kabla mpangaji wa kwanza hajashuka usiku, umeme umekatika, mtoto mgongoni.